Viazi vya Upande wa Chini

Kabla mashine haijaletwa, mnyauko wa viazi tulikuwa tunautafuta kwa glasi ya maji. Mjomba alizipanga glasi zake kwenye dirisha la maabara ya zamani, chumba cha mwisho barazani, chenye sakafu ya saruji iliyopasuka na bomba lililokohoa kwanza ndipo likatoa maji. Alikata kipande cha shina la kiazi, akakibana kwa kibanio cha nguo, akakining'iniza mpaka ncha yake iguse maji, kisha akasema, "Sasa tunyamaze." Kwa nini tunyamaze, hakuna aliyejua. Bakteria hawana masikio. Lakini tulinyamaza, watu wazima na vyeti vyetu, tumeikodolea macho glasi. Kama mmea ulikuwa mgonjwa, haukupita muda uzi mweupe ukashuka kutoka kwenye shina, mwembamba kama tone la maziwa linalotafuta njia, mpaka maji yote yakaingia ukungu. Kama ulikuwa mzima, maji yalibaki maji, na Mjomba alipiga meza kwa kiganja.

Kituoni walimwita Bwana Glasi. Mimi nilimwita Mjomba kwa sababu ndivyo alivyo, kaka yake mama, tumbo moja. Nilipomaliza chuo nilikuja kukaa kwake, na nilipopata kazi kituoni akaniambia mbele za watu nisitegemee kubebwa. Hakunibeba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha glasi hizo kwa klorini mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Nilinung'unika sana wakati ule, maana mimi kunung'unika sikufundishwa, nilizaliwa nako. Leo nikikutana na harufu ya klorini, hata kwenye choo cha stendi, moyo unarudi barazani kule na natamani siku moja tu ya zile.

Nieleze kazi yenyewe, maana watu wakisikia viazi wanadhani ni mambo ya kukaanga. Mnyauko hauna dawa. Bakteria wake wanaishi kwenye udongo, wanaingia kwa mizizi, wanaziba mishipa ya maji ya mmea, na kiazi kinakufa kwa kiu huku ardhi imelowa. Njia ya kweli ni kutafuta mbegu inayoukataa ugonjwa, kisha kuichavusha na mbegu nyingine zenye mazao mazuri mpaka upate mtoto mwenye sifa zote. Kwa hiyo tulikuwa na shamba la wagonjwa, udongo ambao hakuna mtu mwenye akili angepanda kitu, na sisi tulipanda humo kwa makusudi. Mmea ukilala, tunaung'oa, tunaukata shina karibu na mzizi, tunauweka kwenye glasi, tunauchoma. Ukisimama, msimu ujao unarudishwa jehanamu.

Mimea hiyo ilikuwa na namba, haikuwa na majina. Hiyo ilikuwa sheria ya wakongwe wa kituo, na Mjomba ndiye aliyeitetea kuliko wote. Ukiupa mmea jina, alisema, umeshaanza kuuonea huruma, na mwenye huruma haoni vizuri. Akaivunja sheria hiyo mwenyewe. Kuna msimu ambao shamba zima lililala, majani yamening'inia mchana kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, na katikati ukabaki mmea mmoja, wima, wa kijani, wenye maua meupe, kana kwamba haukupewa taarifa. Mfanyakazi mmoja akasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, tukacheka. Mjomba hakucheka. Aliuzunguka ule mmea akauzunguka tena, na jioni alipokuwa akinawa mikono alimwita kwa jina: Mkaidi.

Tangu siku ile Mkaidi alikuwa na mwenyewe. Mimea mingine tuling'oa katikati ya msimu bila kubembelezana. Mkaidi hakung'olewa. Mjomba alikata tawi dogo la juu, taratibu, kama anayemkata mtoto kucha, akaliweka kwenye glasi. Maji yalibaki maji. Msimu baada ya msimu yalibaki maji, na kila mara meza ilipigwa kiganja.

Nyumbani kwa Mjomba kulikuwa nyuma ya uzio wa kituo, nyumba ya vyumba vitatu na bustani iliyoteremka kuelekea mfereji. Upande wa juu Mjomba alipanda Mkaidi, mbegu aliyoitoa kituoni kwa ruhusa. Upande wa chini ulikuwa wa mkewe. Mkazamjomba wangu alikuwa fundi cherehani, na mikono yake ilikuwa gumzo la mtaa: alikata kitambaa bila kuchora, na suti aliyoishona ilimfanya hata mlevi aonekane ana miadi ya maana. Bustanini, maharage yalimtii. Vitunguu vilimtii. Viazi vilimkataa kabisa.

Alikuwa akivipanda vizuri kuliko mumewe, hilo niliona kwa macho yangu. Alikwenda sokoni mwenyewe kununua mbegu, akachuchumaa mbele ya gunia na kuchagua kimoja kimoja, akikigeuza kama anatafuta kasoro kwenye kola. Vilichipua, vilichanua, halafu wiki ya mvua kubwa vikaanza kulala. Upande wa juu Mkaidi alikuwa amesimama kifua mbele. Mjomba alileta glasi, akapima, uzi mweupe ukashuka. "Mbegu za sokoni hizo," alisema. "Nilikwambia." Msimu uliofuata mama wa watu akabadilisha muuzaji. Uliofuata tena akabadilisha soko. Yakawa yale yale.

Tukaanza kusema ana mkono wa moto. Ulikuwa utani wa nyumbani, na utani wa nyumbani hauna breki. Mgeni akija, Mjomba alimwambia, "Mpe mkono shemeji yako, lakini kama una shamba la viazi, mpe wa kushoto." Yeye mwenyewe alicheka, akampiga mumewe kwa kanga. Kisha msimu mmoja hakupanda. Tulipomuuliza alisema viazi vina mwenyewe, akakaza uzi kwenye sindano. Sehemu yake ikawa ya maharage tu, na miaka ikapita. Lakini niliwahi kuwaona wajukuu wake wakifukia viazi vya kuchezea kwenye kopo. Walimwita aje awasaidie, akasimama mlangoni, mikono ameificha nyuma ya mgongo, akawaambia wamwite babu yao.

Mjomba alistaafu. Nilipewa chumba kipya na mashine ambayo haihitaji mtu anyamaze. Unachukua kipande cha mmea, unakisaga, unatoa vinasaba, na mashine inatafuta humo alama ya bakteria peke yake. Kama wapo, mstari unapanda kwenye kioo cha kompyuta. Wakiwa wengi, unapanda mapema. Wakiwa wachache mno hata glasi isingewaona, mashine inawaona. Inanguruma mchana kutwa na siipendi, lakini haisemi uongo, na kwa hilo naiheshimu.

Mkuu wetu mpya, tuliyemwita Daktari, ni mama mpole anayeongea polepole hadi unataka kummalizia sentensi. Alikuja na utaratibu wake: kila mmea unaotakiwa kuwa mzazi kwenye uchavushaji upimwe mzizi, shina la chini, shina la juu, na kitovu cha kiazi, pale kiazi kinaposhikana na mama yake. Alituambia kwamba kuna mimea inayoukataa ugonjwa, na kuna inayouficha. Inayouficha ndiyo hatari, kwa sababu mkulima anaiona nzima, anaipanda, na anaueneza ugonjwa mwenyewe. Itakayokutwa na bakteria haitakuwa mzazi, na itaondolewa shambani yote.

Mkaidi alikuwa kwenye orodha hiyo. Mjomba aliposikia alikuja kituoni siku hiyo hiyo. Nieleze kwa nini, msije mkadhani ni uzee. Katika maisha yake yote ya kazi, hakuna mbegu hata moja ya Mjomba iliyofika kwa mkulima. Moja ilikuwa chungu, nyingine ilioza ghalani, nyingine ilipigwa chini mezani na watu ambao hawakuwahi kukanyaga shamba lake. Alibaki na Mkaidi tu. Akikubaliwa kuwa mzazi, watoto wake wangekwenda mashambani na Mjomba angeweza kufa akijua kwamba hakuzurura tu. Maneno hayo ni yake. Mimi nilimwambia aache kuongea mambo ya kufa, lakini nilitaka Mkaidi apite kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha kazi.

Tulimpanda kwenye banda la plastiki pamoja na wenzake, tukaijeruhi mizizi yao, tukawamwagilia maji yenye bakteria. Mjomba akawa anakuja kila baada ya muda kumtazama. Alikanyaga kwa makini karai la dawa mlangoni, la kuua bakteria wanaobebwa na viatu, maana karai lile aliliweka yeye, akataniana na mlinzi, akasimama mbele ya chungu cha Mkaidi, mikono mfukoni. Wenzake wakalala mmoja mmoja. Mkaidi hakuinamisha hata jani. Siku moja nilimkuta Mjomba anacheka peke yake mle bandani.

Siku ya kupima alivaa koti lake la harusi za watu. Nilimpa kiti karibu na meza yangu. Alinitazama nikimng'oa Mkaidi kwenye chungu, na udongo ulipodondoka kutoka kwenye mizizi aligeuza uso kidogo. Nilikata, nikasaga, nikapakia mirija, nikafunga mfuniko. Kungoja kulikuwa kurefu, tukaongea habari za zamani: bomba, baraza, yule karani aliyekunywa maji ya kwenye glasi kwa bahati mbaya akaandika wosia. Tulicheka mpaka machozi. Nadhani sote wawili tulikuwa tunaogopa.

Shina la juu likaja kwanza. Mstari ulilala chini, safi. Mjomba akainua kiganja, akakumbuka hii si meza yake, akakishusha. Shina la chini likapanda kwa kuchelewa, kidogo. Kisha mzizi ukapanda mapema, wima. Kitovu cha kiazi kikaufuata.

Nilisema mirija imechafuka. Nikarudia yote tangu mwanzo kwa vipande vipya na dawa mpya, nikiitukana mashine kwa sauti ambayo Daktari aliisikia chumba cha pili. Alikuja akasimama nyuma yetu. Majibu yakarudi yale yale.

Daktari akaeleza kwa upole. Mkaidi anawapokea bakteria kwenye mizizi na kuwaacha waishi, ila shina lake linawazuia wasipande. Ndiyo maana hanyauki, na ndiyo maana matawi yake ya juu ni masafi siku zote. Ila wanashuka kwenye viazi vyake, na wanatoka kwenye mizizi yake kurudi kwenye udongo.

"Hatukuwahi kumng'oa," Mjomba akasema.

Daktari akaongeza jambo ambalo siku nyingine lingemrusha Mjomba mpaka darini. Alisema lile shina linalozuia ni kitu cha thamani. Tungeweza kuchukua ncha changa ya Mkaidi, kuiotesha kwenye chupa ikiwa safi, na kutafuta miaka ijayo ni nini kinachozuia. Si mzazi wa msimu huu, lakini si wa kutupwa. Nilimgeukia Mjomba nikitegemea kuona uso umefunguka kidogo. Alikuwa anatazama nje ya dirisha, kwenye karai la dawa la mlango wa banda.

"Mpwa wangu," akasema, "mvua ikinyesha juu, maji yakipita kwenye mizizi ya Mkaidi yakateremka chini, yanabeba?"

Nilifungua mdomo nimpe jibu la kitaalamu. Halafu nikaona kile anachokiona: bustani, mteremko, mfereji, na upande wa chini.

"Yanabeba, Mjomba."

Alifunga vifungo vya koti lake. Kisha akaniambia hataki kumpelekea mkewe dhana, anataka kumpelekea jibu. Tukaenda nyumbani kwake, yeye akamwambia mkewe tunachukua majani ya kupeleka kituoni, nami nikang'oa mimea ya Mkaidi kwenye kona za upande wa juu na kuchota udongo wa tuta la mwisho, pale mteremko unapoanza. Sijawahi kupima kitu huku natamani hivyo kisipatikane. Kilipatikana kila mahali.

Nilimsindikiza kurudi. Ilikuwa mchana, Mkazamjomba amekaa nyuma ya cherehani dirishani, miwani imeteremka puani, sare za shule zimejaa kwenye kochi. Tukasogeza tukakaa. Mjomba akaanza vibaya. Akasema Mkaidi amekataliwa, ana ugonjwa, mimea yake itachomwa yote. Akaishia hapo.

Na yule mama akaacha cherehani. Akaja akakaa pembeni yake, akamshika mkono, akamwambia pole. Alisema anajua mmea ule ulikuwa nini kwake, kwamba mtu hahukumiwi kwa mbegu moja, kwamba amefanya kazi kwa haki na nyumba hii yote ni shahidi. Alimfariji kwa maneno mazuri mpaka mimi nikashindwa kuwatazama. Nilimwona Mjomba akitaka kuuvuta mkono wake na kukosa nguvu.

"Si hilo, mama," akasema. "Mbegu zako za sokoni zilikuwa nzima. Ugonjwa ulitoka kwangu. Ulishuka na maji kutoka kwa Mkaidi, kila msimu. Wewe hukuwa na mkono wowote."

Ilichukua muda kumwingia. Niliona ikimwingia. Aliuachia mkono wa mumewe, si kwa hasira, aliuweka tu juu ya goti la mwenyewe kama kitu ulichoazimwa. Akaniuliza mimi, siyo yeye, kama ni kweli. Nikasema ni kweli, Mama, nimepima.

"Nilikuwa nazichagua moja moja," akasema.

"Najua," Mjomba akasema.

"Hujui. Ulikuwa unacheka." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sare ya mtoto wa mtu. "Ningeshukuru kulisikia hili nikiwa bado na magoti ya kuchuchumaa."

Mjomba akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata msibani kwa mama yangu, na sikujua niweke wapi macho yangu. Mkazamjomba alimwacha alie. Alirudi kwenye kiti chake, akamalizia mshono aliokuwa ameukatiza, akakata uzi kwa meno. Kisha akamwambia aende bustanini akaving'oe vyote, sasa hivi, wakati kuna mwanga, na mimi nisimsaidie.

Mjomba akavua koti. Tulimtazama kutoka dirishani, mimi nimesimama, yeye amekaa. Aling'oa tuta baada ya tuta, akikung'uta mizizi juu ya gunia kama utaratibu unavyotaka, akipumzika kila alipofika mwisho wa mstari na kujishika kiuno. Maua meupe yalikuwa bado mazima. Mkazamjomba hakurudi kushona. Kazi ilipokwisha Mjomba alifunga gunia, akaliburuta mpaka kwenye shimo la takataka, akaanza kurudi polepole kuelekea nyumbani, akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Mkazamjomba akafungua dirisha.

"Umeacha mmoja," akamwambia. "Pale nyuma ya pipa."

Mjomba akasimama. Sijui kama kweli hakuwa ameuona. Akageuka, akaenda nyuma ya pipa, akainama, akaung'oa.